Taa ya oili imewaka: usikimbilie kubadilisha sensa

Kuna jioni moja nilikuwa natoka Buguruni naelekea Ubungo kwa barabara ya Mandela, foleni ile ya saa kumi na moja, Toyota IST yangu imeshaunguruma kama saa nzima bila kwenda popote. Nimesimama nyuma ya lori la kontena, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa. Nikikanyaga resi kidogo inazima, nikiachia inarudi. Nikampigia fundi, wala hakuniuliza oili imebaki kiasi gani, akasema "hiyo sensa hiyo kaka, hazina maisha hizo, pitia Kariakoo chukua nyingine nakuja kukufungia". Nikanunua, akafunga, ikatulia siku nne, ya tano ikarudi. Tukanunua ya pili na safari hii akaweka na oili nzito, ikatulia wiki mbili nzima nikajua mambo yameisha. Hayakuisha. Nitafika huko mbele, ila sensa zote tatu zilikuwa nzima.

Toka siku ile jamaa wengi wananiuliza kuhusu hii taa, hasa wanaoendesha teksi za Bolt, na karibu kila mmoja anakuja na jibu lake mfukoni: sensa. Naelewa kwa nini. Sensa bei yake ya kawaida na inafungwa dakika kumi, wakati injini used inaanzia milioni na kuendelea, kwa hiyo kila mtu anaomba Mungu iwe sensa. Na kweli kuna siku inakuwa ni yenyewe. Ila kutafuta tatizo hakuanzii kwenye lile unalolitamani.

Hiyo taa inasoma nini hasa

Kibirika chekundu kinachodondosha tone hakipimi wingi wa oili, kinasoma presha. Kwenye Toyota nyingi tunazoendesha hapa mjini hiyo tunayoiita sensa ni swichi tu ya waya mmoja imekazwa kwenye injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha, swichi inaunganisha waya na bodi ya injini, taa inawaka. Ukipiga stata pampu inasukuma oili, presha inabonyeza kiwambo kilichoko ndani ya swichi, muunganiko unaachana, taa inazima. Haina kompyuta wala akili nyingine yoyote. Na kiwango chake ni kidogo mno, psi 4 mpaka 7 hivi, maana yake ikiwaka injini ikiwa inazunguka siyo kwamba inakuonya mapema, inakwambia presha imeshafika karibu na sifuri sasa hivi.

Taa ya njano ni habari nyingine. Gari nyingi za Ulaya zina kibirika cha njano chenye mawimbi chini yake, hicho ndo kinasema oili imepungua, una muda wa kutafuta sheli ukaongeze. Na yale maandishi ya MAINT REQD au picha ya spana ni ukumbusho wa kilomita za sevisi tu, fundi akisahau kuifuta baada ya kumwaga oili inabaki inawaka hata kama oili ni ya jana.

Imewaka nyekundu ukiwa barabarani na haizimi

Hapa hakuna cha kuchunguza ukiwa unaendesha. Toka barabarani, zima injini. Siyo "nifike Mwenge kwanza", siyo "nyumbani pale tu". Beringi za krankshafti zinaelea juu ya oili yenye presha, ikikosekana chuma kinasugua chuma na dakika chache tu zinatosha kuigeuza injini nzima kuwa ya kunoki (kugonga). Ukizima, kumbuka usukani na breki vinakuwa vizito, kwa hiyo sogea pembeni kwanza halafu ndo uzime, usizime katikati ya lami, na usijiegeshe kwenye njia ya mwendokasi maana hilo ni tatizo lingine kabisa.

Subiri dakika tano mpaka kumi oili ishuke, gari iwe sehemu tambarare, chomoa stiki ya kupimia oili, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena usome. Ile ya kwanza haihesabiki, imepakaa pakaa.

Stiki ikitoka kavu, hiyo ndo sababu ya kwanza na ndo ya kawaida kuliko zote: oili hakuna. Umbali wa alama ya chini na ya juu kwa gari nyingi ndogo ni kama lita moja, na injini ya 1NZ, ile ya IST nyingi, pamoja na filta inabeba lita 3.7 hivi, sasa kama stiki haigusi kitu kabisa maana yake umepoteza zaidi ya lita na pampu imeanza kunyonya hewa. Inama uangalie chini: bolti ya kumwagia oili, filta, sili ya mbele na ya nyuma ya krankshafti, gasketi ya tapeti kava. Hakuna tone popote? Basi injini inakula. Zile injini za 1ZZ za mwanzo, mnaoendesha Wish na Allion za zamani mnanielewa, zina sifa hiyo, ringi zinaganda na oili inaungua taratibu bila moshi wa kutisha, mtu anakaa miezi mitatu hajagusa stiki anashtuka taa imewaka.

Ongeza oili mpaka katikati ya alama, washa, hesabu sekunde tano. Taa ikizima na hakuna kelele ngeni unaweza kwenda taratibu mpaka kwa fundi, ila jua injini imeshateseka kidogo. Isipozima, zima palepale.

Na kama stiki ilionyesha oili iko sawa kabisa, usiwashe tena "kujaribu". Hapo ni pampu, chujio la kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) limeziba, filta imeziba, au ndo hiyo sensa, na huwezi kujua ni ipi ukiwa umesimama Tabata Relini. Ita gari la kubeba. Kuvutana kwa kamba siyo wazo zuri kwa gari ya otomatiki, gia boksi inalainishwa injini ikizunguka tu, utaokoa injini uue gia boksi.

Sikiliza pia. Kelele ya tik tik tik juu, upande wa tapeti, ni oili haifiki juu. Kelele nzito ya gong gong kutoka chini inayofuata resi, hiyo ni beringi, na hapo hata geji ya kupima presha haina kazi tena.

Inawaka ukikata kona, ukishika breki au ukipanda mlima

Hii huwa rahisi. Oili ni pungufu, inakimbilia upande mmoja wa sampu, pampu inavuta hewa sekunde moja mbili, taa inapiga jicho halafu inazima. Watu wanaiona kwenye kona za kutoka flaiova au wakipanda kule Pugu, halafu kwa kuwa imezima wanaamua haikuwa kitu. Pima oili leo leo. Ikikutwa iko sawa, muulize mtu aliyekuwa na gari kabla yako kama iliwahi kupiga sampu kwenye jiwe, maana sampu ikibonyea inasogelea chujio na kulibana. Barabara zetu za ndani, Goba huko, Chanika, Kivule, gari ya chini kama Passo inagonga sana na mtu hata haoni ajabu. Waya uliolegea kwenye soketi nao unaweza kufanya hivi, ila huo unawaka ovyo ovyo hata kwenye tuta, hauchagui kona.

Inapepesa kwenye foleni injini ikiwa ya moto

Ndo ile yangu. Asubuhi safi, ukiwa unatembea safi, lakini ukisimama gari iko sailensa (injini inazunguka bila kukanyaga mafuta), ya moto, AC inavuta, taa inaanza. Ukigusa mafuta inazima. Hii ndo dalili inayodanganya wengi kwa sababu gari linatembea vizuri tu, na hapa ndo ningependa mtu atulie kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kinachotokea ni kwamba kwenye sailensa pampu inazunguka pole pole kuliko wakati wowote, na oili ikiwa ya moto ni nyepesi kuliko wakati wowote, kwa hiyo presha inakuwa chini kabisa ya uwezo wake. Udhaifu wowote ulioko kwenye mfumo unajitokeza hapo kwanza. Anza na vya kawaida.

Oili pungufu, tena. Pima.

Oili imechoka au siyo oili. Mtu wa Bolt anapiga kilomita 170 kwa siku, hizo ni zaidi ya 5,000 kwa mwezi, na bado hujahesabu masaa ya kusimama foleni injini inazunguka kilomita hazisogei. Halafu kuna hii ya oili ya kupimiwa kwenye chupa kutoka kwenye pipa, na galoni zilizojazwa upya, sili inaonekana ya mwaka juzi na mfuniko umekwaruzwa. Mimi siku hizi galoni yangu ikiisha naitoboa kabla ya kuitupa, haiendi kubeba sumu ya mtu mwingine. Kama oili inanuka petroli imechanganyika na mafuta, kama ina rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, zote mbili usiwashe tena mpaka ijulikane yameingilia wapi.

Filta ya bei chee. Inaziba mapema, au karatasi ya ndani inabonyea, na ukiikata na msumeno utashangaa, nyingine ndani zina karatasi ya kuhesabu kwa vidole.

Chujio la kwenye sampu kuziba. Hapa ndo IST yangu ilipokuwa imelala. Miezi kadhaa kabla, gereji fulani walishusha sampu kuzuia uvujaji, na waliporudisha walimwaga silikoni kama wanapaka siagi kwenye mkate. Silikoni iliyozidi haikai nje tu, nusu yake inabonyea kwa ndani, ikikauka inakatika vipande vinaelea kwenye oili mpaka vinafika kwenye wavu wa chujio na kujipanga pale. Tulipokuja kushusha sampu tukakuta wavu umefunikwa karibu nusu na vipande vya rangi ya kijivu, pamoja na tope jeusi. Tukaosha, tukarudisha na silikoni nyembamba kama uzi, taa haijapepesa tena mpaka leo. Ile oili nzito aliyoweka fundi ilikuwa imeficha tu, oili nzito inapandisha presha kidogo kwenye sailensa, swichi inaridhika, huku tundu la kunyonyea likizidi kuziba. Kwa hiyo mtu akikwambia weka 20W-50 taa itazima, anaweza kuwa anasema kweli, itazima. Swali ni kwa nini iliwaka kwenye oili ambayo kitabu cha gari kinaitaka.

Na hii ya kuosha injini na dawa za kuyeyusha tope, au mafundi wengine wanatia dizeli, kwenye injini ambayo haijamwagwa oili miaka ni kamari, unalibandua tope lote kwa mpigo na linakwenda moja kwa moja kwenye chujio. Mimi ningemwaga oili mara mbili tatu kwa kilomita fupi fupi kuliko hiyo.

Beringi zimekula. Gari ya kilomita nyingi, nafasi kati ya beringi na shafti inakuwa kubwa, oili inapita bila upinzani, presha haipandi. Pampu yenyewe kuchoka ipo lakini ni mara chache kuliko watu wanavyodhani, na vali yake ya kupunguza presha kukwama ikiwa wazi ni chache zaidi. Haya yote hayaonekani kwa macho, yanahitaji geji.

Halafu ndo sensa. Ya mwisho, siyo ya kwanza.

Mtego wa kuchomoa waya

Fundi anachomoa soketi ya sensa, taa inazima, anakugeukia: "umeona? Sensa." Aisee, hii nimeiona mara nyingi mpaka imenichosha. Nilishasema swichi inawasha taa kwa kuunganisha waya na bodi. Ukichomoa waya umekata muunganiko, taa LAZIMA izime, hata kama presha ya injini ni sifuri kabisa na beringi zinayeyuka. Hujapima presha, umezima king'ora tu.

Kipimo hicho kinajibu swali moja: je, waya wenyewe uko salama? Zima injini, weka ON tu bila kupiga stata (gari ya kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki), taa inawaka. Chomoa waya wa swichi. Taa ikizima, waya ni mzima. Ikibaki inawaka na waya umeuchomoa, basi waya umechubuka mahali unagusa bodi, ufuatilie, mara nyingi ni pale unapopita karibu na bomba la moshi au ulipobanwa na kibano kilichokatika. Hii inahusu swichi ya waya mmoja. Gari mpya zaidi na za Ulaya zenye sensa ya waya mbili tatu zinazozungumza na kompyuta haziendi hivi, ukichomoa hizo taa inaweza kuwaka zaidi.

Dalili zinazoelekeza kweli kwenye sensa zipo. Chomoa soketi uangalie ndani: ikiwa imelowa oili, swichi inavuja katikati yake na oili imepanda mpaka kwenye pini, hiyo badilisha bila huruma. Oili inachuruzika kwenye kichwa cha swichi. Taa inawaka muda wote tangu asubuhi baridi mpaka mchana, resi juu resi chini haibadiliki, huku tapeti ziko kimya na injini laini. Angalia tofauti na ile ya foleni: presha iliyopungua kweli inabadilika na joto na resi, swichi iliyokufa haijali. Siyo sheria ya asilimia mia, ila inasaidia kujua uanzie wapi.

Kama una mita ya umeme, weka kwenye kupima muunganiko, ncha moja kwenye pini ya swichi nyingine kwenye bodi ya injini. Injini imezima isome muunganiko. Injini imewashwa isisome. Ikiendelea kusoma injini ikiwa inazunguka kuna mambo mawili tu, swichi imekufa au presha hakuna, na kuyatenganisha unahitaji geji.

Geji ndo hakimu

Ni geji ya kawaida ya mishale yenye mpira na vichwa vya kubadilisha. Gereji za maana wanayo, nyingi za chini ya mwembe hawana au wanayo haijatoka kwenye boksi. Uliza kabla ya kupeleka gari: "mna geji ya presha ya oili?" Akikujibu "ya nini, mimi nasikia kwa sikio", tafuta mwingine.

Swichi inafunguliwa, geji inakazwa mahali pake, injini inawashwa. Isomwe ikiwa baridi, halafu iachwe mpaka feni iwashe na kuzima mara mbili, isomwe tena kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Kwa 1NZ kitabu kinataka angalau psi 4 hivi kwenye sailensa na kati ya 22 na 80 kwenye 3000. Hiyo 4 ni ya kiwango cha chini kabisa, injini nzima utaikuta juu zaidi, mimi nikiona 5 au 6 kwenye injini ya moto silali vizuri hata kama kitabu kimeipitisha. Kila injini ina namba zake, fundi atafute za ya kwako.

Geji ikisoma vizuri na taa inawaka, hapo sasa ndo ununue sensa kwa amani. Chukua ya genuini au hata used nzima ya Kijapani pale Gerezani kuliko mpya feki, hizo feki zinaachia kwa kiwango chake chenyewe. Linganisha nyuzi na ya zamani kwa macho kabla hujalipa. Na isikazwe kwa hasira, nyuzi zake zina umbo la kusinyaa mbele na bloku nyingi ni aluminiamu, ukilazimisha unapasua sehemu ambayo hakuna spea yake.

Geji ikisoma chini, sensa iache ilivyo. Shusha sampu.

Imewaka baada tu ya kumwaga oili

Sekunde mbili tatu za kwanza baada ya kubadilisha filta ni kawaida, filta ilikuwa tupu inajazwa. Ikipita sekunde kumi, zima.

Chungulia chini kwanza. Mpira wa filta ya zamani kubaki umenata kwenye injini, halafu mpya ikakazwa juu yake, ni kosa la kawaida kabisa, inashika dakika chache halafu mpira mmoja unatoka na oili yote inamwagika kwa kasi ya ajabu. Bolti ya kumwagia ilikazwa kwa mkono akaitwa kupokea simu. Filta siyo yake. Au, hii imempata jirani yangu, kijana alifungua bolti ya gia boksi akidhani ya injini, akaongeza lita nne juu ya oili ya injini iliyokuwepo, kwa hiyo gia boksi kavu na injini imejaa mpaka shingoni. Oili ikizidi sana krankshafti inaikoroga mpaka inakuwa povu, na pampu haiwezi kujenga presha kwa povu. Ndo maana hata kama umetoka sevisi sasa hivi, pima stiki mwenyewe kabla hujatoka getini, hata fundi akinuna.

Asubuhi inachelewa kuzima

Gari imelala usiku, ukiwasha inachukua sekunde tatu nne na tapeti zinalia kidogo halafu kimya. Mara nyingi ni filta feki ambayo vali yake ya kuzuia oili isirudi chini haifanyi kazi. Badilisha filta tu kwanza. Ikiendelea na filta nzuri, rudi kwenye geji.

Ilianza baada ya mvua au kuosha injini

Masika, umepita maji Jangwani au mtaani kwako, kesho yake taa. Au kijana wa kuosha magari amepiga pampu ya presha ndani ya boneti. Maji kwenye soketi ya sensa yanaweza kuwasha taa, chomoa, kausha, puliza upepo, rudisha. Ila kabla ya yote chomoa stiki uangalie rangi ya oili. Kama maji yalifika usawa wa kuingilia hewa na gari likazimika lenyewe ndani ya maji, usipige stata hata mara moja, pistoni haibonyezi maji, utakunja konrodi.

Mashine imetoa namba

Kwa gari zenye sensa ya kusoma presha kamili mashine ya kusoma kompyuta ya gari itatoa namba za hitilafu kuanzia P0520 mpaka P0524. P0520 ni njia ya umeme ya sensa, P0521 usomaji hauendani na hali ya injini, P0522 umeme uko chini, P0523 umeme uko juu, hizi anza na soketi na waya. P0524 ni presha ya chini, hiyo iamini mpaka geji ikatae. IST na Passo za swichi ya waya mmoja kwa kawaida mashine haitaona kitu hapo, kwa hiyo mtu akikutoza hela ya kompyuta kutafuta sensa ya oili ya IST anakula hela yako tu.

Taa haiwaki kabisa

Hii hakuna anayelalamika, ndo maana naiweka. Weka ON bila kupiga stata, taa zote za onyo zinatakiwa kuwaka, kibirika chekundu kikiwemo. Kisipowaka, chomoa waya wa swichi uuguse kwenye chuma cha injini: ikiwaka, swichi imekufa upande wa pili au pini ina kutu. Isipowaka, ni balbu, fyuzi, au waya umekatika.

Au umekatwa. Kwenye kununua gari mkononi mwa mtu hii naifanya kabla hata ya kuangalia matairi. Naomba ufunguo, naweka ON, nahesabu taa. Halafu nafungua boneti natafuta swichi ilipo, mara nyingi jirani na filta ya oili ingawa siyo kila injini, naangalia kama soketi imechomekwa. Niliwahi kukuta Raum moja kule Mbezi, safi, imepigwa polishi, waya umechomolewa na kufungwa na selotepu nyeusi juu ya bomba la maji. Muuzaji akasema "ilikuwa inasumbua sensa tu hiyo kaka". Nikamrudishia ufunguo wake.